Jinsi ya kufanya mzigo wa halali usipoteze uhalali wake njiani

Watu wengi wakisikia halali wanawaza kisu, mchinjaji na bismillahi, basi. Wakishapata cheti wanakibandika ukutani pale kiwandani wanaendelea na kazi. Sasa shida ni kwamba cheti kinabaki ukutani ila mzigo unaondoka, unapanda lori la mtu mwingine, unalala ghala la mtu mwingine, unashushwa na vijana ambao hata hawajui ndani ya katoni kuna nini, na huko kote yule atakayekuja kula hayupo kuona, yeye kakuamini tu.

Niliwahi kufanya kazi ya kupokea mizigo kwenye ghala la baridi. Siku moja likaingia lori la kuku, karatasi zote zipo, cheti kipo, joto liko sawa. Nikamuuliza dereva, safari iliyopita ulibeba nini? Akasema hajui, gari kakabidhiwa alfajiri na mwenzake. Tukapiga simu ofisini kwao, nao hawajui, hawana daftari la shehena zilizopita wala rekodi ya kuosha. Mnunuzi akakataa mzigo wote. Na inawezekana kabisa wale kuku walikuwa salama, hakuna aliyeona kitu kibaya, ila hakukuwa na mtu hata mmoja wa kuthibitisha, na kwenye biashara hii usichoweza kukithibitisha ni kama hukukifanya. Tangu siku hiyo nikishika mzigo wowote wa halali swali langu la kwanza ni lile lile: hapa unapobadilisha mikono, nani anajua ulikotoka na kaandika wapi?

Hivyo maelezo haya yote nimeyajenga juu ya makabidhiano. Kati ya kiwanda na rafu ya duka mzigo unaweza kukabidhiwa mara sita au saba, na mengi ya matatizo niliyoyaona yalitokea palepale.

Kwanza jua unalinda nini

Kuna mambo matatu na usiyachanganye. La kwanza ni mgusano wenyewe, halali kugusana na najisi au haramu moja kwa moja, mfano katoni ya nyama kulowana na maji yaliyotoka kwenye shehena ya nguruwe. La pili ni hatari ya kugusana, yaani haijatokea ila mazingira yanaruhusu. La tatu ni moyo wa mteja, kuna mtu ukimwambia dawa yake ya maji imesafiri kontena moja na pombe, hata kama kila kitu kilifungwa vizuri, hatainywa kwa raha. Yote matatu yanahesabika ila hayana uzito sawa, la kwanza linaharibu mzigo, la pili linaharibu ushahidi, la tatu linaharibu soko.

Hapa fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, inasaidia sana kupunguza hofu zisizo na msingi. Najisi huhamia kwa unyevu, kitu kikavu kikigusa kikavu chenzake najisi haihamii. Maana yake nini kwa biashara? Mzigo wa wingi usiofungwa, kama mafuta kwenye tanki au unga unaomwagwa moja kwa moja kwenye lori, huo ndo hatari kuliko yote. Nyama mbichi na bidhaa za baridi zinafuata, kwa sababu pale kuna maji, damu, barafu inayoyeyuka. Bidhaa kavu iliyofungwa kwenye pakiti, ndani ya katoni, ndani ya plastiki ya kufungia paleti, hiyo ina kinga nyingi. Kwa hiyo usitumie nguvu sawa kila mahali, nimeona kampuni inanunua rafu mpya kwa ajili ya biskuti zilizofungwa huku tanki la mafuta linakodishwa kwa yeyote yule bila swali.

Na usisahau upande wa pili. Kuran kwenye surat al-Baqara aya ya 168 imesema halali na twayyib kwa pamoja, twayyib ni kizuri, safi, salama. Nyama iliyochinjwa vizuri halafu ikaoza njiani kwa sababu dereva kazima mashine ya baridi ili aokoe dizeli, hiyo huwezi kuisimamia mbele za watu ukasema ni mzigo mzuri. Viwango vya Malaysia vya mnyororo wa halali vilipoanza vililitumia neno hilo wazi kabisa, halalan-toyyiban, na ukisoma ndani utakuta mambo ya usafi na usalama wa chakula yamekaa sambamba na ya dini. Kama tayari unafuata HACCP, ule mfumo wa kudhibiti hatari za usalama wa chakula, basi una nusu ya kazi mkononi, unachoongeza ni kuitazama najisi kama hatari nyingine na kuiwekea pointi zake za kudhibiti.

Tembea na mzigo

Usianze na mshauri wala programu. Chukua daftari, chagua bidhaa moja, ifuate kuanzia kwa saplaya mpaka inapowekwa kwenye rafu, na ufuate kwa miguu yako na macho yako, sio kwa kuulizia kwenye simu. Kila inaposimama, inapofunguliwa au inapobadilisha mikono, andika nani kakabidhi na nani kapokea, nini kingine kipo pale pale karibu nayo, chombo gani kimeigusa na kilikuwa kinashika nini kabla, karatasi gani imeandikwa.

Utashangaa utakayoyakuta, kwa sababu vitu vinavyosumbua mara nyingi havipo kwenye mchoro wa ofisini. Mbwa wa ulinzi anayezunguka usiku kwenye eneo la kupakia na kulala juu ya paleti tupu. Brashi za kusafishia zenye manyoya ya nguruwe, zipo kweli na zinauzwa kawaida tu, wengi hawajui kuuliza. Grisi ya mashine ambayo asili yake ni mafuta ya mnyama. Wapakiaji wanaokula chakula chao juu ya katoni. Paleti za mbao ambazo mwezi uliopita zilibeba kitu kilichovuja, na mbao inanyonya, hata ukifuta juu ndani kimebaki. Foklifti moja inayohudumia pande zote mbili za ghala. Lori linalopumzika njiani mahali ambapo dereva anaongeza mizigo ya watu ili apate hela ya ziada, hili la mwisho hulioni mpaka usafiri naye.

Ukimaliza ramani yako zungushia duara nyekundu sehemu zile ambazo ukiulizwa huna karatasi ya kuonyesha. Hizo ndo kazi yako ya miezi inayofuata.

Chagua kiwango kulingana na soko, sio kulingana na kilicho rahisi

Malaysia walitangulia kuandika viwango vya halali vya mnyororo mzima, MS 2400 ilitoka mwaka 2010 na ikarekebishwa 2019, imegawanywa sehemu tatu, usafirishaji, ghala na uuzaji wa rejareja. Nchi za Kiislamu kupitia taasisi yao ya viwango SMIIC yenye makao Istanbul nazo zina kiwango chao, OIC/SMIIC 17, nacho kina sehemu tatu hizo hizo. Indonesia wameenda mbali zaidi, kwao ni sheria, namba 33 ya mwaka 2014, na sheria hiyo haiishii kwenye bidhaa, inahesabu pia huduma za kuhifadhi, kufungasha, kusambaza na kuuza. Kuanzia Oktoba 2024 wajibu ulianza kubana kampuni kubwa na za kati kwenye vyakula, vinywaji na huduma za uchinjaji, wadogo wakapewa muda hadi Oktoba 2026. Mwongozo wa mwaka 1997 wa Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, wenyewe ni mpana zaidi, unakubali chakula cha halali kitayarishwe au kihifadhiwe kwenye jengo moja na kisicho halali mradi viwe sehemu tofauti na hatua zichukuliwe visigusane.

Sasa ukiona hivyo utaelewa kwa nini swali la kwanza ni unauza wapi. Cheti ulichopewa na taasisi ambayo nchi ya mnunuzi haiitambui hakitakuvusha bandarini hata kama ulifanya kazi nzuri. JAKIM, idara ya serikali ya Malaysia inayosimamia halali, ina orodha ya taasisi za nje inazozitambua, angalia orodha ya soko lako kabla hujalipa mtu ada ya ukaguzi, nawaomba sana kwenye hili kwa sababu nimeona watu wanalipa mara mbili. Kama unauza kwenye masoko mawili fuata lile kali zaidi kwa yote, kuendesha taratibu mbili ndani ya ghala moja kutawachanganya vijana wako.

Magari na makontena

Kilicho bora ni gari la halali peke yake, halibebi kingine. Kama unaweza fanya hivyo, hasa kwa nyama na mizigo ya wingi, utapunguza maswali zaidi ya nusu. Ila najua wengi wanakodi, kwa hiyo hapa pana mambo.

Kabla ya kupakia dai historia ya shehena. Kwenye biashara ya mafuta ya kula ya wingi kuuliza tanki lilibeba nini kabla ni kawaida ya miaka mingi, Codex wana kanuni yao ya mwaka 1987 ya kusafirisha mafuta kwa wingi ambayo ina mpaka orodha ya shehena zinazokubalika kutangulia. Wewe chukua utaratibu huo huo uupeleke kwenye malori na makontena ya baridi: shehena tatu zilizopita, tarehe, na hati ya kuosha ya mwisho ikiwa na jina la aliyeosha. Msafirishaji asiyeweza kukupa hizo sio mtu mbaya ila sio wako.

Halafu kagua kwa pua na tochi. Ingia ndani, nusa, angalia kona, angalia mfereji wa maji chini, angalia raba za mlango maana damu na maji hujificha pale. Piga picha tupu kabla ya kupakia. Picha yenye tarehe imeniokoa zaidi ya mara moja.

Kama gari lilibeba nguruwe au limeguswa na najisi nzito, maji na sabuni peke yake havitoshi kwa soko linalofuata fikihi ya madhehebu ya Shafi'i. Asili yake ni hadithi ya chombo kilichorambwa na mbwa, kioshwe mara saba na moja iwe kwa udongo, na Mashafi'i wameingiza nguruwe humo. Namna yake kwa kifupi: ondoa kwanza uchafu wenyewe wote mpaka hakuna kinachoonekana, kisha mwagia maji mara saba, moja kati ya hizo maji yaliyochanganywa na udongo safi mpaka yawe ya tope linalopita kila mahali, nzuri iwe mwanzoni ili zinazofuata zisafishe tope, na maji yafike kila sehemu kila mara. Madhehebu mengine wana maoni tofauti kidogo, kwa hiyo muulize mtoa cheti wako anataka nini na afadhali yeye au mtu wake awepo kushuhudia. Kwa najisi ya kawaida kama damu au kinyesi cha mnyama unaosha mpaka rangi, harufu na ladha viondoke.

Na hili watu wanalikosea sana: kuosha kwa udongo sio mlango wa kuingia na kutoka. Kiwango cha Malaysia cha chakula, MS 1500, kinasema ukishageuza mashine kutoka kwenye nguruwe kwenda halali unabaki huko, hairuhusiwi kugeuza na kurudi. Ukiwa na msafirishaji anayekwambia wiki hii anabeba nguruwe wiki ijayo anaosha anabeba wako, achana naye.

Baada ya kupakia funga mlango kwa sili (lakiri) yenye namba, namba iandikwe kwenye hati ya mzigo, na anayepokea aisome kabla ya kukata. Sili ikikutwa imekatika mzigo usiingie ghalani, uwekwe pembeni kwanza. Dereva apewe karatasi fupi kwa lugha anayoisoma: usichanganye mizigo, usizime baridi, usifungue, ukipata ajali au kuharibikiwa piga namba hii kabla ya kuhamishia mzigo kwenye gari lingine. Hiyo ya mwisho ni muhimu mno, gari likiharibika usiku njiani watu huhamisha mzigo kwenye lori lolote linalopita na asubuhi hakuna anayekumbuka kusema.

Ghalani

Tenga eneo, weka alama kubwa, rangi moja kwa kila kitu cha halali: rafu, paleti, foklifti kama unaweza, hata mafagio na ndoo. Rangi inafanya kazi kuliko maandishi kwa sababu mtu aliyechoka saa nane usiku hasomi, ila rangi anaiona. Paleti za plastiki ni ghali mwanzoni ila zinaosheka, kwa chumba cha baridi mi nashauri plastiki tu.

Kama jengo ni la pamoja, kisicho halali kisikae juu ya halali hata siku moja, kitu kikivuja kinashuka. Weka ukuta au nafasi ya kutosha katikati. Kwenye chumba cha baridi bidhaa isiyofungwa isikae chumba kimoja na nguruwe, hewa inazunguka, unyevu unaganda na kudondoka.

Eneo ambalo karibu kila mtu analisahau ni la marejesho. Mzigo umekataliwa dukani, unarudi, umepita wapi, umekaa na nini, nani kaufungua? Mtu anaurudisha kwenye rafu ya halali kwa sababu lebo inasema halali. Hapana. Kila kinachorudi kiende karantini, kikae na kadi yake, na mtu mmoja mwenye jina ndo aamue baada ya kuona njia kilikopita. Usipokuwa na kumbukumbu ya njia hiyo basi kisiuzwe kama halali, hakuna namna.

Karatasi na ufuatiliaji

Neno halali lionekane kwenye katoni, kwenye paleti, kwenye orodha ya mzigo na kwenye hati za usafirishaji, sababu mtu wa katikati haoni cheti chako, anaona lebo tu. Namba ya bechi ifuatane na mzigo kila unapokabidhiwa. Mkataba na msafirishaji na mwenye ghala uandike wazi kwamba hawaruhusiwi kumpa kazi mtu mwingine bila kukuambia kwa maandishi, na kwamba unaweza kuja kukagua bila taarifa.

Blokucheni, yaani daftari la kidijitali la pamoja, na vihisi vya kielektroniki ni vizuri, joto hasa lipimwe kwa kifaa kinachorekodi chenyewe. Ila mfumo wowote unahifadhi kile alichoandika mtu mlangoni, akiandika uongo uongo unahifadhiwa vizuri. Anza na daftari linalojazwa kweli.

Jaribu lako ni hili: chukua katoni moja dukani bila kumwambia mtu, rudi ofisini, uone kama ndani ya saa chache mnaweza kutaja gari gani lililibeba, gari hilo lilibeba nini kabla, ghala gani, rafu gani, siku ngapi, nani alipokea. Mkikwama mahali, pale pale ndo pa kurekebisha.

Watu

Teua mtu mmoja mwenye mamlaka, sio kamati ya kwenye karatasi, mtu anayeweza kusimamisha lori hata kama mkurugenzi ana haraka. Awe na Mwislamu anayejua haya mambo karibu naye wa kumuuliza. Wafanyakazi wako hawalazimiki kuwa Waislamu wote, nimefanya kazi na vijana wasio Waislamu waliokuwa makini kuliko sisi, kwa sababu walielezwa sababu na wakaheshimu kwamba kuna mtu anayaamini haya kwa moyo wake wote. Waeleze sababu, usiwape tu sheria. Na waahidi kwamba anayetoa taarifa ya kosa hatapigwa kelele, la sivyo makosa yatafichwa na utayasikia kwa mteja.

Kosa likitokea

Litatokea. Simamisha, tenga, bandika alama, piga picha, andika saa na majina. Usifanye uamuzi wa kimya kimya usiku huo, hata kama una uhakika halijagusa. Mpigie mtoa cheti umweleze ilivyo, yeye aseme kama ni kuosha, kubadilisha ufungaji au kuondoa mzigo sokoni kama halali. Kama umeshauzwa mwambie mnunuzi wewe mwenyewe kabla hajasikia kwingine. Inauma na inagharimu, najua. Ila hukumu ya mzigo wenye shaka inajulikana, hadithi imesema halali iko wazi na haramu iko wazi, na baina yake kuna yenye kutatiza, anayejiepusha nayo ameilinda dini yake na heshima yake.

Gharama, na wapi pa kuanzia

Gari la peke yako na ghala la peke yako ni gharama, hasa kama mzigo ni mdogo na gari linaenda nusu tupu. Tafuta wenzako wa halali mjaze pamoja, bidhaa tofauti sio tatizo mradi zote ni halali na joto lao ni moja. Wasafirishaji nao wakiona kuna mizigo ya uhakika kila wiki ndo wanakubali kutenga gari.

Anza na bidhaa moja na njia moja, ile yenye hatari zaidi, mara nyingi itakuwa nyama au mzigo wa wingi. Mwezi wa kwanza fanya ramani tu na historia ya shehena tatu. Mwezi wa pili sili, rangi na karantini ya marejesho. Wa tatu fanya lile jaribu la katoni, na ukilipita bila kukwama hata sehemu moja ndo umwite mkaguzi, ukimwita mapema unalipia kuambiwa yale ambayo daftari lako lingekuambia bure. Kesho asubuhi lakini unaweza kuanza na kitu kimoja kisichogharimu chochote, simama getini lori la kwanza likiingia, muulize dereva safari iliyopita alibeba nini, na uandike anachokujibu.